Nilifungiwa Chumbani na Laptopu Niliyoiua Mwenyewe

Krak!

Ufunguo umezungushwa kwa nje. Dada yangu, tumbo moja, kanifungia chumbani!

"Dada! Utani gani huu?"

"Hutoki humo mpaka laptopu yangu iwake, Injinia!"

Jamani... Injinia ni jina nililojipa mwenyewe.

Iko hivi. Ripoti yake ya utafiti, jasho la miezi minane, imo kwenye hiyo laptopu tu. Mwisho wa kuituma ni saa kumi alasiri. Sasa ni saa nane na nusu! Na asubuhi mimi, kwa kiherehere changu, nimemtengenezea kiini kipya cha Linux, ule moyo unaoiamsha mashine. Nilitaka kiwe chepesi, kipae! Kila nisichokijua nikakiondoa.

Kumbe nimeondoa na kile kinachoisoma diski...

Nawasha. Maandishi meupe yanashuka mbio, yanalalamika hayaoni diski, halafu tuli.

Nazima. Nawasha. Tuli!

"Umekwama?"

"Niko karibu, dada!"

Karibu na nini, sijui. Simu yangu kaichukua. Dirisha lina nondo, nimeshakagua.

Saa tisa.

"Umekwama?"

"Inajipanga!"

Kiini cha zamani kipo, sikukifuta. Ila menyu ya kukichagua haitokei, maana niliipa sekunde sifuri za kusubiri... ili nijisifu inawaka haraka! Yaani mlango wa kwanza nilijifungia mwenyewe.

Saa tisa na nusu. Jasho mpaka kwenye kope.

"Umekwama?"

Nikapiga magoti kwenye tundu la ufunguo.

"Dada... nimekwama. Menyu niliificha, na sijui kuirudisha."

Sauti yake ikapita kwenye tundu hilohilo.

"Washa huku umeshikilia kitufe cha Shift. Chagua kiini cha zamani."

Nikashikilia. Menyu hiyooo! Dakika moja baadaye, ripoti ile pale, nzima!

Mlango ukafunguliwa.

"Umejuaje, dada?!"

"Mwaka jana uliua kompyuta ya baba ukaenda kulala. Asubuhi ukaikuta inawaka, ukaanza kujiita Injinia. Ulidhani ilijifufua?"

Wadau, nilitamani lile dirisha lisiwe na nondo.

"Sasa mbona hukuniambia tangu saa nane na nusu?"

"Nimekuuliza mara tatu."

Ripoti ilitumwa saa kumi kasoro dakika nane. Jina la Injinia nimelirudisha kwa mwenyewe, dada.

Na wewe unayesoma hapa huku umekazana na kitu kisichowaka: mtu akikuuliza "umekwama?", huyo anabisha hodi.

Mfungulie!