Mgeni wa Mama

Hedifoni zilikuwa zimelowa.

Sabiha alizikuta asubuhi juu ya meza, pale pale alipoziacha jana yake, waya umezungushwa vizuri kama alivyouzungusha. Lakini sponji zake zote mbili zilikuwa zimejaa maji mazito. Wazo la kwanza lilikuwa paa. Mvua, hata hivyo, haikuwa imenyesha, na maji ya mvua hayashiki kidole yakavutika kama ute wa bamia. Alinusa, kisha akaziangusha sakafuni.

"Mwishehe, umezivaa hizi?"

"Nimezivaa saa ngapi? Nimelala kabla yako."

"Zina mate."

"Ya nani?"

"Ningejua ya nani ningekuuliza wewe?"

Mwishehe alicheka, akaendelea kuvaa viatu. Kinyaa cha mkewe kilijulikana mtaa mzima wa Dunda. Sabiha alikuwa na kikombe chake, sahani yake na kijiko chake, na ole wake aliyevigusa. Hata siku ya harusi yake alikataa kutia mkono kwenye sinia pamoja na mawifi, akaletewa kisahani pembeni, na mawifi hawajalisahau jambo hilo mpaka leo. Wanamwita Bi Karantini.

Mtu mmoja tu duniani hakumtia kinyaa, naye ni mama yake, Bimdogo. Tangu kiharusi kilipomwangusha bibi huyo kabla ya Ramadhani na kumwondolea maneno, Sabiha alimwogesha, akamfuta udenda, akambadilisha nguo, akamlisha kwa mkono wake mwenyewe, wala hakukunja uso hata siku moja.

Hedifoni zile zilikuwa za redio, nayo redio ilikuwa kwa ajili ya Bimdogo. Marehemu mumewe alikuwa baharia, na kila alipokuwa mbali, mara Mukalla, mara Ngazija, Bimdogo alitafuta redioni kituo cha bandari ile akasikiliza lugha asiyoielewa. Alitosheka kwamba kinachoingia masikioni mwake kinaingia na masikioni mwa mumewe. Redio ile ya zamani ilishakufa. Mwishehe, ambaye kazi yake ni kutengeneza simu, akaleta kutoka Kariakoo kidude kidogo kama flashi, kinachochomekwa kwenye kompyuta na kuifanya redio ya mawimbi yote. Akapandisha waya juu ya bati. Kwenye skrini mawimbi yalionekana kama maji ya rangi yanayoporomoka, na palipo na kituo palisimama mstari wa njano.

Mwishehe alivihifadhi vituo ovyo, kimoja "jaribu", kingine "hiki kizuri", kingine "hiki kizuri 2". Sabiha hakuweza kuvumilia fujo ile. Alifuta vyote akaanza upya. Alifanya kundi la Mjini, kundi la Bahari kwa mazungumzo ya vyombo, kundi la Ndege, na kundi la Ng'ambo alilolipanga kwa masafa, wimbi refu juu, wimbi fupi chini, kila kundi na rangi yake. La mwisho aliliita Za Mama, akaweka humo kisomo cha Maka, taarabu ya Unguja, na Wangazija ambao Bimdogo aliwasikiliza huku amefumba macho.

Alipokuwa akipekua Ng'ambo, alasiri moja, aliona mstari mwembamba kati ya vituo viwili, mahali palipokuwa patupu siku zote. Haukuwa wa njano. Ulikuwa na rangi ya usaha. Akaubofya.

Mtu alikuwa anakula. Hapakuwa na muziki wala mtangazaji, ni mtu tu anakula kwa raha zake, anatafuna mdomo wazi, anafyonza mfupa, anaulamba, anaurudia. Sabiha alikuwa ameshasogeza mkono ahame pale, ndipo sauti ikatoka kitandani nyuma yake.

"Mwache."

Sabiha akageuka. Bimdogo alikuwa amegeuza kichwa kuelekea kwenye kompyuta, na ule upande wa uso uliobaki mzima ulikuwa unatabasamu.

"Nani, Mama? Nimwache nani?"

"Mgeni," alisema Bimdogo. "Anakula."

Sabiha alilia kwa furaha. Miezi yote ile hakuwa amesikia neno zima katika kinywa kile, na hapo alipata matatu. Kama sauti hiyo chafu ndiyo dawa, basi na iwe. Alitaka kuihifadhi bila jina, programu ikakataa, kwani haihifadhi kituo kisicho na jina. Akaandika "Mgeni wa Mama". Akakitia katika kundi la Za Mama, na kwa kuwa mgeni hutangulizwa, akakipandisha juu kabisa, hata juu ya kisomo.

Kesho yake ndipo alipozikuta hedifoni zimelowa.

Bimdogo akaanza kula. Zamani vijiko vitatu vya uji vilikuwa vita. Sasa alimaliza bakuli, akamaliza wali, akamaliza samaki wa kupaza na mchuzi wake, mradi kituo kile kiwe kimefunguliwa. Majirani walimpongeza Sabiha. Yeye tu ndiye aliyemwogesha mama yake, naye tu ndiye aliyeona mabega yamechongoka na ngozi ya tumbo imegusana na mgongo.

Wakampeleka hospitali, akatundikiwa dripu. Madaktari wakasema mgonjwa hajala. Sabiha hakuwa na namna ya kuwaambia kwamba amekula kuliko wao wote.

Siku moja adhuhuri, akimlisha, aliacha kutazama kijiko akatazama koo. Alitia tonge. Taya la Bimdogo likafunga. Koo halikusogea. Kwenye redio, nyuma ya mgongo wa Sabiha, kitu kilimeza. Akatia tonge la pili, koo limetulia kama la mtu aliyelala, na redio ikameza tena, kwa pupa, halafu ikapiga mbweu ndefu. Na ile harufu, harufu ya utumbo wa samaki kibua uliolala juani siku nzima, haikutoka kwenye redio, ilitoka kinywani mwa mama yake. Sabiha alimfungua kinywa kwa vidole viwili. Hapakuwa na punje ya wali. Ulimi ulikuwa umefunikwa na ute mweupe, na katikati ya meno aliyoyasugua kwa mkono wake asubuhi ile palikuwa na gamba la samaki kubwa kama ukucha wa dole gumba, na samaki aliyempikia alikuwa amemparua hadi ngozi.

Alikifuta kituo papo hapo. Taya la Bimdogo likafunga kama mlango wa chuma, halikufunguka tena jioni ile wala asubuhi yake. Maji aliyomtia kwa kijiko yalimtiririka shavuni yakalowesha mto, midomo ikapasuka, macho ya bibi wa watu yakawa yanamtazama bintiye yakiuliza kosa lake. Mwishehe akachomoa kidude, haikusaidia. Ilipofika mchana Sabiha alishindwa. Alichomeka tena, akafungua programu ili akirudishe mwenyewe, akakuta hakuna cha kurudisha. "Mgeni wa Mama" alikuwa ameshakaa, juu kabisa. Kinywa cha Bimdogo kikafunguka, wazi mno, kama cha kinda la kunguru.

"Tumwite Bi Tatu," Mwishehe alinong'ona.

"Yule muuza bagia?"

"Ndiye fundi wa pepo wa Magomeni. Bagia ni za kumpatia riziki, pepo ni kazi yake."

Bi Tatu alifika na bajaji asubuhi, mama mnene mwenye sauti nzito, na simu iliyoita mara mbili kabla hajakaa.

"Shikamoo, Bi Tatu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona nyumba yako inanuka soko?"

Hakufukiza ubani wala hakupiga ramli. Alimtazama mgonjwa kitambo, akamgusa paji la uso, kisha akakaa mbele ya kompyuta.

"Miwani nimeisahau. Nisomee hapo juu."

"Mgeni wa Mama."

"Jina kampa nani?"

"Mimi."

"Na hilo boksi alimokaa ni la nani?"

"La Mama."

Bi Tatu alishusha pumzi. "Pepo mpitaji hana jina wala hana mahali. Sisi mafundi tunatoka jasho wiki nzima, ngoma na chano cha vyakula, kumbembeleza ataje jina lake aseme na kiti chake, mtu anayemkalia, ni nani. Wewe umempa jina, ukampa na kiti. Kiti ndiye huyo mama yako. Halafu ukamtanguliza mbele ya kisomo."

"Nimemfuta, amerudi."

"Mgeni hafutwi, mwanangu, mgeni huagwa. Hebu niambie, siku zote hizi anakula kwako, wewe umekula naye?"

Mwishehe alicheka bila kupenda. "Huyu? Hata na mimi hali."

"Basi ndiyo maana hatoki. Mgeni anayekula peke yake hajui kama amekaribishwa au ametegwa. Atakaa mpaka ajue." Akamgeukia Sabiha. "Pika wali na samaki. Utakula naye sinia moja, matonge matatu, na umeze, usimpunje. Kisha umuage kwa jina lake, ndipo umfute. Ila vidole usilambe. Nawa. Anayelamba vidole anasema bado anataka."

"Mimi nilambe vidole?" alisema Sabiha, akakaribia kucheka.

"Haya. Mimi nimesema."

Sinia liliwekwa juu ya kigoda, kati ya kitanda na kompyuta. Sabiha aliketi upande mmoja. Upande wa pili hapakuwa na mtu. Bi Tatu alisimama kichwani kwa mgonjwa akisoma kwa sauti ya chini, Mwishehe mlangoni, kanzu ameishika puani. Kituo kikafunguliwa.

Kwanza ilikuwa sauti tu, ile ya siku zote, lakini sasa ilikuwa karibu, haikuwa na mkwaruzo wa mawimbi; halafu wali wa upande wa pili ukaanza kung'aa, punje moja moja, kama zimepakwa yai, na ung'avu ule ukasogea kuvuka sinia taratibu, ukashika mchuzi ukawa uzi, ukashika samaki, na nyama ya samaki ikaanza kutoka kwenye mfupa yenyewe vipande vipande, ikirudi imetafunwa, ikirudi imelainika, mpaka pote mbele ya Sabiha pakawa pamelowa mate yale yale ya hedifoni, yana vuguvugu, yana mapovu, na harufu yake ilimpanda hadi machoni.

"Kula," alisema Bi Tatu.

"Siwezi."

"Mtazame mama yako."

Akamtazama. Bimdogo alikuwa mifupa na macho. Sabiha alitia mkono siniani, ute ukamzunguka vidole ukawa kama unamshika mkono, akafinyanga tonge, akalitia mdomoni. Halikuhitaji kutafunwa. Liliteleza lenyewe, na alilisikia likishuka kama konokono, akafumba mdomo kwa mkono wa kushoto mpaka machozi yakamtoka. Tonge la pili lilikuwa na kitu kigumu ndani yake, gamba au ukucha, hakutaka kujua. Alilimeza nalo, jasho linamtiririka mgongoni, huku masikioni mwake kutafuna kwa redio na kutafuna kwake kukiwa kumeshika mwendo mmoja, asijue tena lipi ni lipi.

Tonge la tatu lilikuwa tamu.

"Muage," alisema Bi Tatu. "Upesi."

"Mgeni wa Mama," alisema Sabiha, "umekula, na sisi tumekula nawe. Nenda salama."

Akabofya kwa mkono wa kushoto. Jina likatoka. Ule mstari wa rangi ya usaha ukafifia, ukaporomoka na rangi nyingine, ukaisha. Bi Tatu alichukua kijiko cha maji akakitia kinywani mwa Bimdogo, na wote wawili, yeye na Mwishehe, wakainama kutazama koo. Likasogea. Likameza.

"Alhamdulillahi," alisema Mwishehe, akalia kama mtoto.

Walimkumbatia mgonjwa, wakamwinua, wakampa maji tena. Baadaye kidogo ndipo Mwishehe alipokumbuka kuleta birika na bakuli la kunawia.

"Lete mkono."

Sabiha akanyoosha mkono wake wa kulia. Mwishehe alikuwa bado hajamimina maji. Vidole vilikuwa safi.

Bimdogo alinenepa. Mwezi haukuisha akawa anakaa kitako, anaomba taarabu yake, anamsengenya Bi Tatu kwa unene. Sabiha aliyapanga makundi upya na Za Mama ikaanza tena na kisomo. Hapo juu hapakuwa na kitu. Mawifi walikuja kumpa pole, wakala naye sinia moja, wakarudi makwao wakisifu jinsi maradhi ya mama yalivyomfundisha utu. Mwishehe naye alifurahi. Hakujiuliza kwa nini siku hizi sahani yake, hata akiacha kichwa cha samaki, inarudi kabatini imekauka kama iliyooshwa.

Alasiri moja Mwishehe alikuwa kazini. Bimdogo alikuwa amelala chali chumbani akisubiri chai.

"Sabiha," aliita, "punguza redio."

Sauti ile haikupungua.

"Sabiha, mwanangu. Hiyo sauti inanichefua."

Sabiha alikuwa amechutama nyuma ya mlango wa jikoni, ndoo ya utumbo wa samaki aliyowawekea paka iko kati ya magoti yake. Kompyuta ilikuwa imefungwa, kidude kimechomolewa, kimehifadhiwa kwenye droo. Alitaka kumwambia mama yake hivyo, lakini mdomo ulikuwa umejaa.

Kule chumbani Bimdogo alitega sikio. Kisha akasema, polepole, kwa ile sauti ya adabu ambayo wanawake wa nyumba yao huitumia wakisikia mtu mlangoni:

"Karibu, mgeni."