Ziwa Likiwa Mkono wa Kushoto

Naapa kwa ndevu zangu chache zilizobaki, haya yote ni kweli. Sijaongeza chumvi hata punje. Daktari mwenyewe amenikataza chumvi.

Asubuhi ile Raya alikuwa Busisi, akianika dagaa. Simu ikaita. Alikuwa kaka yake Yassin, anayeishi Mwanza mjini. Baba yao alikuwa amehamia kwa Yassin ili awe karibu na hospitali.

"Raya, mzee ametutoka."

Raya akakaa chini, dagaa mkononi. "Mnazika lini?"

"Leo hii, baada ya adhuhuri. Wahi umwone uso."

Raya alielewa. Kwao wanawake hawaendi makaburini. Asipomuaga baba nyumbani, ndiyo basi tena.

"Kwako sijawahi kufika, kaka. Nitapajuaje?"

"Rahisi. Ukishavuka daraja, panda gari la mjini. Ziwa liwe mkono wa kushoto. Ukiona jiwe limebeba jiwe jingine, shuka. Panda mlima, tafuta bati jekundu. Na usiulizeulize watu. Watajua wewe mgeni, wakuibie."

Raya hakushangaa. Watu wa ziwani huelekezana hivyo. Ziwa halihami, na mawe hayahami.

Lakini Mwanza ina mawe mengi kuliko ndugu siku ya pilau. Jiwe la Yassin lilipita upande wa kulia, macho ya Raya yakiwa ziwani. Gari likavuka katikati ya jiji, na ziwa bado liko kushoto. Mwishowe akaona jiwe limebeba jiwe. Akashuka, akapanda mlima, akabisha hodi. Bati jekundu la kwanza, siyo. La pili, siyo. Akampigia Yassin. Simu iliita tu. Yassin alikuwa anamwosha baba.

Raya akakaa kwenye jiwe, akalia. Mama mmoja akasimama mbele yake. Aliitwa Suzana, mjumbe wa mtaa ule.

"Shikamoo, mama. Natafuta kwa Yassin. Baba yangu amefariki."

"Marahaba. Pole sana, mwanangu. Yassin wa kata gani?"

"Sijui. Ziwa liko kushoto."

"Ziwa limetuzunguka, mwanangu. Haliwezi kukuonyesha nyumba. Shika hivi: kwanza barabara kuu. Moja inatoka Shinyanga, moja inaenda Musoma, hii yetu inaenda uwanja wa ndege. Halafu kata, halafu mtaa, halafu namba ya nyumba. Na kondakta muulize. Kuuliza siyo ushamba. Piga tena."

Safari hii Bimdogo, mke wa Yassin, akapokea. "Wifi, uko wapi? Watu wanakungoja. Sisi tuko Igogo."

"Igogo umeshaipita," Suzana akamwambia Raya, akaichukua simu. "Mama, mlangoni hakuna kibao cha namba?"

"Kipo. Tulipopaka ukuta rangi, nacho kikapakwa."

"Chukua kisu, ukwangue."

Bimdogo akakwangua, akasoma namba na mtaa. Suzana akamwita kijana wa bodaboda, akamtajia. Raya alifikishwa mpaka mlangoni. Akakuta jeneza ndiyo linanyanyuliwa. Wakalishusha, wakamfunulia uso wa baba, akamuaga.

Baada ya msiba Yassin alikisafisha kibao chote. Akawafundisha wanawe: barabara, kata, mtaa, namba. Siku ya arobaini, shangazi yake Yassin alitoka Ukerewe peke yake. Aliuliza kituoni, akaonyesha namba, akafika chai bado ya moto.

Hadithi yangu ilikuwa imeishia hapo. Nikamsomea Raya.

Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mzee, umeapa mwanzoni."

"Niliapa."

"Jeneza sikulikuta."

"Nilitaka ulikute, mwanangu."

"Najua. Lakini atakayesoma ataona hata akichelewa atangojwa. Faini yako ni kuandika ilivyokuwa."

Nalipa. Raya alifika, wanaume wameshaondoka na jeneza. Uani jirani mmoja alikuwa anafukia shimo lililopokea maji ya kumwosha baba. Raya akamwomba jembe, akafukia mwenyewe mpaka mwisho.