Salamu Zilizotangulia Daftari

Kila Jumamosi, wakishafua sare, watoto wa bweni pale Masuguru, mjini Korogwe, walikimbilia kompyuta ya shule kusoma salamu za wazazi. Mzazi akituma ujumbe kwa simu, programu iliupokea, ikatafuta jina la mtoto kwenye daftari lake, ikamwekea. Mtoto akishausoma, hujibu.

Ikram wa darasa la saba aliikodolea macho skrini. Wapi! Jumamosi ya tatu hiyo tangu programu ianze kutumika, hana hata neno moja.

"Mama yako kakusahau nini?" Denis, mwenzake wa bweni, alimtania.

Ikram alicheka ili asilie, kisha akaenda kukaa peke yake nyuma ya bweni. Mama alikuwa kijijini Sindeni, kimya kabisa.

Mwalimu Elisha wa klabu ya kompyuta, aliyeusikia utani huo, akamkuta huko.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mama hukutumia ujumbe saa ngapi?"

"Alfajiri, akishaswali. Akienda shamba huiacha simu nyumbani."

"Wenzako hutumiwa mchana. Alfajiri kompyuta imezimwa, kwa hiyo ujumbe wake husubiri, unaingia pale tu tunapowasha. Programu uliiandika wewe. Uliijaribu ikiwa ndiyo kwanza inawaka?"

Ikram alikuwa amemwambia mwalimu ameijaribu yote, kumbe ni mchana tu.

"Hapana, mwalimu. Nilidanganya."

Wakaifungua pamoja. Ndani mlikuwa na kazi mbili zinazokwenda kwa wakati mmoja: moja inapokea ujumbe, nyingine inasoma daftari la majina. Ikram alikuwa ameziachia pamoja ili programu iwake upesi. Ujumbe wa mama uliingia daftari likiwa bado tupu. Programu haikuona jina la Ikram, ikautupa. Masikini, salamu za mama amezipoteza mwenyewe!

Akaandika upya: daftari kwanza, mapokezi yasubiri mpaka lijae. Safari hii alizima na kuwasha mara kumi, kila mara akijitumia ujumbe kwanza.

Jumamosi iliyofuata jina lake lilikuwepo. "Mwanangu, huu ni wa nne. Mbona hujibu? Umenichoka? Nyumba imepoa bila wewe."

Machozi yalimtoka. Kumbe Sindeni nako mtu alikuwa akisubiri peke yake.

Mwalimu Elisha akampa simu yake.

"Mpigie. Na ukumbuke, Ikram: ukisema umeijaribu kazi na hujaijaribu, anayeumia ni yule aliyekuamini. Safari hii alikuwa mama yako."