Kofi la Askofu

Kila alfajiri Zebedayo na binti yake Priska walikwenda kufungua ndiva, bwawa la maji ya shamba. Baba alizibua, binti akayaongoza maji kwa jembe hadi migombani. Wiki hiyo Priska alifanya kazi huku akinong'ona maneno ya katekisimu. Zilisalia siku nane Askofu apande mlimani kutoa Kipaimara, naye alipanda mara moja tu kila miaka mitatu.

Jumamosi Zebedayo alishuka sokoni Lembeni kuuza ndizi. Swalehe, mwenye duka la chumvi, alimkaribisha barazani.

"Nieleze, ndugu yangu. Ni kweli Askofu wenu huwapiga watoto kofi mbele ya watu?"

"Kofi?"

"Nimesikia hapa sokoni. Nakuuliza wewe, maana sipendi kueneza nisilolijua."

Zebedayo alipanda mlima bila kupumzika. Wakati wa vita vya Wajerumani alikuwa mpagazi wa Waingereza. Siku moja sanduku lilimponyoka, na ofisa akampiga kofi mbele ya wenzake. Hakulisahau.

"Huendi," alimwambia Priska.

"Baba! Nimejifunza mwaka mzima!"

"Shavu la mwanangu halipigwi na Mzungu."

Priska alitoka mbio. Alirudi na mwalimu Tumainieli, katekista wa kijiji.

"Shikamoo, mzee Zebedayo."

"Marahaba. Kama umekuja kunibembeleza, rudi. Kama umekuja kunieleza, keti."

Tumainieli akaketi.

"Kwanza," akasema Zebedayo, "Kipaimara chenyewe ni nini? Mimi nilibatizwa baada ya vita, lakini kila Askofu alipokuja nilikuwa kwenye mashamba ya mkonge."

"Kwa ubatizo Priska alizaliwa katika imani. Kwa Kipaimara huimarishwa. Askofu atamwekea mkono na kumpaka krisma, mafuta ya zeituni yenye manukato, kwa alama ya msalaba kwenye paji la uso. Hapo hupokea mapaji saba ya Roho Mtakatifu: hekima, akili, shauri, nguvu, elimu, ibada, na uchaji wa Mungu. Hupewa mara moja tu maishani."

"Naye jirani yetu mama Esta, atakayesimama na Priska, ana kazi gani pale?"

"Ni msimamizi wake. Ataweka mkono wa kuume begani mwa Priska, kuonyesha kwamba hatamwacha peke yake."

"Vizuri. Na kofi?"

"Lete shavu."

Zebedayo alikunja uso, akaleta shavu. Tumainieli aliligusa kwa vidole viwili. "Amani iwe nawe."

"Haya, endelea."

"Nimemaliza."

"Hilo ndilo kofi? Kuku wangu hunidonoa kwa nguvu zaidi!"

Nyuma ya mlango Priska aliangua kicheko. Lakini baba yake alikuwa bado na swali.

"Kwa nini aguse shavu, asiguse mkono?"

"Ni ukumbusho. Huenda siku moja akadharauliwa kwa ajili ya imani yake. Avumilie, asilipize."

"Hata mimi, ofisa aliponipiga kofi vitani, sikulipiza, mwalimu. Lakini niliogopa tu."

"Ndiyo sababu mafuta hutangulia, shavu likafuata. Mtoto hupewa nguvu kwanza. Wewe ulipopigwa, nani alikuwa amekupa kitu?"

Siku ya nane Zebedayo alisimama mbele kabisa kanisani, aone mwenyewe. Mama Esta aliweka mkono begani mwa Priska. Askofu alimpaka mafuta, akamgusa shavu taratibu, akatamka maneno ya amani kwa Kilatini. Priska hakupepesa macho. Mkono wa Zebedayo ulipanda wenyewe, ukagusa shavu lake mwenyewe.

Jumamosi iliyofuata alisimama barazani kwa Swalehe. "Lete shavu," alimwambia, akaligusa. "Amani iwe nawe. Ndilo kofi lenyewe."

"Na iwe juu yako pia," akajibu Swalehe, akicheka. "Kumbe ni salamu!"

Jumatatu alfajiri Zebedayo aliketi kwenye benchi la nyuma katika darasa la Kipaimara, magoti yakigusa kidevu. Priska alichungulia dirishani.

"Baba, Askofu harudi mpaka miaka mitatu!"

"Shavu hili limengoja tangu vita," akasema Zebedayo. "Litangoja. Nenda ukafungue ndiva."