Nafasi ya Naima

Kila asubuhi Hilda Matonya alimpitia rafiki yake Naima kwao, mtaa wa pili, kisha wakaenda shuleni pamoja. Wote wawili walikuwa darasa la sita katika shule moja ya Nkuhungu, jijini Dodoma. Njiani walikaguliana madaftari na kugawana kashata. Tangu darasa la kwanza, aliyemwona mmoja wao alijua mwenzake hayuko mbali.

Mambo yalianza kubadilika siku Mwalimu Bupe, mwalimu wa ushauri na unasihi, alipotangaza Siku ya Kazi. Ijumaa ya mwisho wa mwezi, kila mwanafunzi wa darasa la sita angekwenda mahali pa kazi, aone watu wanavyofanya, kisha arudi kusimulia. Palepale mwalimu aliwauliza wanataka kufanya kazi gani wakiwa wakubwa.

Naima alisimama. "Nataka kuwa daktari wa watoto," alisema. "Mdogo wangu Mudrick ana pumu. Alipolazwa nilikaa naye, nikaona daktari anavyomsikiliza kifua. Nilitamani nijue anasikia nini."

Darasa zima lilimpigia makofi. Hilda hakuwa amewahi kuufikiria udaktari hata siku moja, lakini makofi yale yalimchoma. Zamu yake ilipofika alisema haraka, "Mimi pia, daktari." Hakuna aliyepiga makofi.

Wiki iliyofuata orodha ilibandikwa ukutani. Naima alipangiwa zahanati ya kata. Hilda alipangiwa kwa fundi cherehani, mtaa wa Majengo.

"Mwalimu, na mimi nilisema udaktari," Hilda alilalamika.

"Najua, mwanangu. Lakini zahanati wamepokea mwanafunzi mmoja tu," Mwalimu Bupe alijibu.

Nyumbani nako hakupata nafuu. "Nasikia mwenzako anakwenda zahanati!" mama yake alisema wakiwa wanakula. "Shangazi yake anamshonea koti jeupe kabisa. Mtoto yule anajua anachotaka."

"Naima, Naima, kila kitu Naima!" Hilda alisema, akasukuma sahani yake pembeni. Kesho yake hakumpitia rafiki yake. Naima alipomuuliza kulikoni, alijibu, "Nilichelewa," akaenda kukaa dawati jingine. Wasichana wengine walipomzunguka Naima kuuliza habari za koti, Hilda alicheka kwa sauti. "Koti tu, mnadhani ameshakuwa daktari?"

Alhamisi mchana Naima aliondoka mapema kwenda mazoezi ya netiboli. Baadaye Mwalimu Bupe alimwita Hilda.

"Unapita karibu na kwa kina Naima, siyo? Mwambie zahanati wamebadilisha saa. Afike saa moja asubuhi, siyo saa tatu. Daktari atamwonyesha kazi yake mapema, maana saa mbili anaondoka na gari kwenda kuchanja watoto vijijini. Usisahau."

"Ndiyo, mwalimu."

Hilda alifika mbele ya nyumba ya kina Naima. Dirishani aliliona koti jeupe likining'inia, limepigwa pasi. Alilitazama kwa muda. Kisha akaendelea na safari yake.

Ijumaa saa moja kasoro, yeye ndiye aliyekuwa mlangoni pa zahanati.

"Shikamoo," alimwamkia muuguzi.

"Marahaba. Wewe ndiye Naima?"

"Hapana, naitwa Hilda. Naima anaumwa. Nimetumwa badala yake."

Muuguzi huyo, Nesi Ruthu, hakuwa na sababu ya kumshuku. Alimpeleka kwa daktari. Daktari alimwonyesha kifaa cha kupimia mapigo ya moyo, akamwachia asikilize, akamwuliza, "Una swali?" Hilda hakuwa na swali lolote. Akaletwa mtoto aliyeungua mguu kwa uji wa moto. Bandeji ilipofunguliwa, Hilda alisikia kizunguzungu, ikabidi atolewe nje. Wakati anakunywa maji kwenye benchi, gari la daktari liliondoka.

Karibu saa tatu, pembeni yake alikaa bibi mmoja aliyetoka kijiji cha Haneti, ameshika bahasha ya dawa. Nesi Ruthu alimweleza kwa Kiswahili mara mbili, "Kidonge kimoja, mara tatu kwa siku, ukishakula." Bibi aliitikia kwa kichwa, lakini macho yake yalionyesha hajaelewa, na alikuwa anaona aibu kusema.

"Mbukwenyi, bibi," Hilda alimsalimu kwa Kigogo. Uso wa bibi ulichangamka. Hilda akamweleza taratibu kwa lugha hiyo: kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja jioni. Akamwomba arudie mwenyewe. Bibi akarudia, akakosea; wakacheka, akarudia tena mpaka akapatia.

"Ahsante sana, Hilda," Nesi Ruthu alisema. "Bibi huyu angekunywa vyote kwa mpigo."

Hapo ndipo Naima alipoingia getini na koti lake jeupe. Ilikuwa saa tatu kamili.

"Shikamoo. Mimi ni Naima, nimetoka shuleni. Daktari yupo?"

Nesi Ruthu alishangaa. "Naima? Si nimeambiwa unaumwa? Daktari ameondoka tangu saa mbili."

Naima alimtazama muuguzi, kisha akamtazama Hilda. "Hilda, unafanya nini hapa?"

Hilda angeweza kusema kwamba alitumwa. Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Lakini Naima alikuwa ameanza kulia, anayafuta machozi kwa mkono wa koti, na Hilda hakuweza.

"Mwalimu alinipa ujumbe wa kubadilishwa kwa saa," alisema. "Sikukufikishia. Nilisema unaumwa. Niliona wivu, Naima."

Naima aligeuka, akatoka.

Jumamosi Hilda alimweleza mama yake yote, wakaenda pamoja kwa kina Naima kuomba radhi. Mama yake Naima aliwakaribisha na kuwasikiliza, lakini Naima alibaki chumbani.

Jumatatu Mwalimu Bupe alimwita Hilda ofisini. Alimkemea kwa maneno makali, akamwambia ataandika barua ya kuwaomba radhi watu wa zahanati na fundi cherehani aliyemngoja bure, na atafanya usafi wa maktaba kwa wiki mbili. Kisha akamwambia akae.

"Udaktari ulianza kuutaka lini?"

Hilda aliinama. "Siku Naima aliposema."

"Na Ijumaa, katika yote uliyoyaona, ni lipi ulilifurahia?"

Hilda alifikiri. "Kumweleza yule bibi, mpaka akaelewa."

"Nesi Ruthu amenisimulia. Hilo halifuti kosa lako, lakini linanieleza jambo juu yako," mwalimu alisema. "Wivu ulikushughulisha na maisha ya Naima, hukupata nafasi ya kujiangalia mwenyewe. Ukamwumiza rafiki kwa ajili ya kitu ambacho hata hukukitaka. Kazi haichaguliwi kwa kuangalia nani amepigiwa makofi, mwanangu. Jiulize unapenda nini, unaweza nini, na utamfaa nani. Ukiwa na majibu, njoo tuzungumze. Wako walimu, wako wakalimani, wako maafisa ustawi wa jamii. Tuna muda."

Mwalimu aliongea na zahanati, na wiki iliyofuata Naima alipata siku yake pamoja na daktari. Jioni ya siku hiyo Hilda alikwenda kwa kina Naima. Alimkuta amekaa kwenye mkeka uani.

"Nisamehe," Hilda alisema. "Kama hutaki kunisimulia, nitaelewa."

"Ulinikosea sana," Naima alisema. Kisha akasogea, akamwachia nafasi kwenye mkeka. "Nilisikiliza kifua cha mtoto mwenye pumu. Unajua kinavyolia?"

"Sijui," Hilda alijibu, akakaa. "Niambie."