Kilo Sitini na Moja

Ndege ilizidi hesabu kwa kilo sitini na moja, na Hilda alikasirika kabla hajaogopa. Ndivyo alivyo.

Ilikuwa saa nne asubuhi, kwenye karakana ya ndege pembeni ya mji wa Dodoma. Kwa miezi mitano yeye na Mzee Bartolomayo walikuwa wameshinda juu ya ndege hii kuukuu ya viti tisa, wakizitoa injini zake mbili za petroli na kuiwekea za turbini, ambazo ni nyepesi zaidi na hunywa mafuta yanayonukia kama mafuta ya taa. Kilichobaki ni kuipima uzito, Hilda atie sahihi, na jioni rubani airushe kwa majaribio. Rubani mwenyewe ni Daudi, mumewe. Kwa hiyo namba ile haikuwa ya mchezo.

Milango yote walikuwa wameifunga, maana upepo wa Dodoma ukiingia unadanganya mizani. Hilda akazishuku mizani zenyewe. Wakaishusha ndege, akapanda juu ya moja moja kwa miguu yake: sitini na nne, sitini na nne, sitini na nne. Uzito wake uleule wa siku zote. Wakairudisha ndege, kila gurudumu juu ya mizani yake, na zile kilo sitini na moja zilikuwa palepale.

Akapekua ndani ya ndege, chini ya sakafu, mkiani, nyuma ya viti. Hakukuta hata spana iliyosahaulika. Ila kwenye kiti cha mwisho harufu ya petroli ilimpiga puani, nzito, mbichi, wakati ndege haikuwa na tone la petroli tangu miezi mitano iliyopita. Mto wa kiti ulikuwa umebonyea.

"Mzee, njoo unuse," aliita akishuka na kufunga mlango.

Bartolomayo hakusogea. "Kiti cha nyuma?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Umejuaje?"

Mzee akavua kofia. "Hii ilikuwa inabeba wagonjwa. Mama mmoja, Anyesi, alipakiwa hapo apelekwe Dar es Salaam. Injini ya kushoto ikakataa kuwaka. Nikamwambia, vumilia mama, dakika kumi tu. Nilimwambia hivyo mpaka jua likazama, mwanangu. Akafia kitini na mkanda wake kiunoni." Akaikunja kofia mkononi. "Sasa sijui ni yeye, au ni jini lililokuta kiti kitupu miaka yote ile ndege ilipolala nje. Ila huyo anangoja safari."

Hilda alitaka kumcheka. Hakuwahi, kwa sababu namba zilianza kusogea.

Mizani ya gurudumu la mbele ikapanda kilo mbili, halafu tano, na zile za nyuma zikashuka kwa kiasi hichohicho, bila upepo, bila mtu kugusa kitu, jumla ikibaki ileile, na Hilda, ambaye angeweza kuzisoma namba hizo hata usingizini, akaelewa kwamba mzigo ulikuwa unatembea, unatoka kiti cha nyuma unakuja mbele polepole kama mgonjwa anayejishikiza kwenye viti, na sakafu ya ndege ikalia kwa kila hatua, na mahali fulani, humo humo ndani, injini ya petroli ambayo haikuwepo tena ikakohoa, ikajaribu kuwaka, ikakohoa tena, hadi mzigo ukafika kwenye kiti cha rubani, kiti ambacho Daudi angekalia jioni, ukatulia hapo kitambo, kisha ukageuka kuelekea mlangoni.

Mlango ukagongwa kutoka ndani.

"Hodi," ilisema sauti ya mwanamke aliyechoka.

"Karibu," Hilda akajibu.

Ulimi ulimtangulia. Alikulia mtaa wa Makole, nyumba moja na wapangaji sita, na huko mtu akibisha hodi unasema karibu hata kama uko bafuni. Mzee Bartolomayo alimziba mdomo kwa kiganja chenye grisi, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Mlango ukafunguka. Ngazi ikalia mara tatu. Jumla ikashuka kilo sitini na moja kamili.

Hilda alitia sahihi. Utamlaumu? Namba zilikuwa zimekubali na mumewe alikuwa salama. Alilia kidogo kwa furaha, akanawa uso.

Saa kumi na moja wakaisukuma ndege nje. Kwa desturi yao, fundi aliyefunga injini hupanda siku ya kwanza, ili asije akafunga ovyo. Daudi alikuwa ameshapanda ngazi, mchangamfu kama bwana harusi.

"Mke wangu, twende. Au huiamini kazi yako?"

"Nakuja!"

Mizani moja ilikuwa bado sakafuni karibu na mlango wa karakana. Hilda aliikanyaga akipita, akatupa jicho chini kwa mazoea.

Mia moja na ishirini na tano.

Hakuhisi uzito wowote. Kulikuwa na harufu ya petroli tu, nyuma ya shingo yake.

"Hilda!" Daudi alinyoosha mkono. Hilda aliutamani mkono ule kuliko kitu chochote duniani.

"Nenda peke yako," alisema. "Mimi sipandi. Leo sipandi, na kesho sipandi."

"Nimekukosea nini?"

"Nenda, Daudi."

Daudi akafunga mlango bila kumwangalia. Injini mpya zikawaka mara moja, laini, kama Hilda alivyozifunga. Ndege ikaruka, ikakata kona upande wa kijiji cha Zuzu, ikameta juani. Hilda alibaki amesimama juu ya mizani, machozi yakimtiririka, akihakikisha namba haipungui.

Ndipo pumzi ya baridi ikamgusa sikio, na sauti ile iliyochoka ikauliza kwa adabu:

"Samahani, dada. Inayofuata inaondoka saa ngapi?"