Nyasi za Kilimani Ndani ya Makopo

Kila asubuhi, kabla ya chai, Mzee wa Ndoo alikuwa ameshamwagilia kitalu kizima. Jina hilo walimpa majirani kwa utani. Yeye na mkewe waliuza miche ya maua kando ya barabara.

Mwaka mmoja tingatinga lilikuja kusawazisha kilima cha nyuma ya mtaa. Kilimani paliota nyasi ndefu zenye masuke ya zambarau. Mke akamwomba msimamizi wa kazi hiyo ruhusa, akang'oa mashina ishirini. Akayapanda kwenye makopo.

"Zitapendeza bustanini," alisema. "Tukiziacha, zitapotea kabisa."

Baada ya wiki tatu, mashina kumi na moja yalikuwa yamekufa.

"Zina kiu hizi," mume akasema, akanyanyua ndoo.

"Hebu ngoja, mume wangu. Kule kilimani nani alikuwa anazimwagilia?"

Mume akaweka ndoo chini. Mke naye hakutulia. Alibeba kopo moja hadi kwa jirani yao, mama mmoja mtaalamu wa kilimo.

Jirani alipindua kopo, akatoa shina. Udongo ulikuwa tope. Mizizi ilikuwa myeusi.

"Nusa, shoga."

"Mh! Kama maji ya mtaro!"

"Imeoza. Kopo halina matundu, maji yatokee wapi? Kilimani ardhi ilikuwaje?"

"Mchanga na kokoto." Mke akashika kiuno. "Kumbe tulikuwa tunazizamisha!"

"Tena kwa mapenzi," jirani akacheka. "Na mbolea?"

"Kila wiki."

"Punguzeni. Ikizidi, nyasi hurefuka na kulala chini."

Siku ile ile wakatoboa makopo kwa msumari. Wakakata mizizi iliyooza. Wakachanganya udongo na mchanga na kokoto, wakapanda upya. Makopo wakayapanga juu ya matofali ili maji yatiririke. Jirani akamfundisha mume kuchomeka kidole kwenye udongo. Ukiwa mkavu hadi kiungo cha pili, ndipo amwagilie.

"Mikono inaniwasha kushika ndoo," mume akalalamika kesho yake.

"Kamwagilie mawaridi," mke akamjibu.

Mashina mawili zaidi yalikufa. Saba yakapona. Mizizi ilipojaa makopo, waligawa kila shina sehemu tatu.

Masuke yalipokauka, mke alikusanya mbegu, akazisia kwenye trei ya mchanga. Kila siku alikwenda kuchungulia. Siku ya kumi na mbili akamwita mumewe kwa sauti. Wakainama pamoja. Trei nzima ilikuwa imechipua vijani vyembamba kama nyuzi.